Nimeua Mimi, Niandikeni Mimi

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hasara ni yako, lakini sitakuacha njiani.

Mimi ni Mwanajuma binti Kondo wa Ruaruke. Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilimpiga Nassibu, mnyapara wa shamba la pamba la akida, kwa mchi wa kinu. Ilikuwa uani kwetu, mchana, jua likiwaka. Alikuwa amemcharaza mama yangu kiboko kwa kuwa homa ilimzuia kwenda kuchuma pamba. Nilimpiga mara moja tu. Hakuinuka.

Nilikwambia pia kwamba nilikimbia. Nilimbeba mama mgongoni nikaenda kumficha kwa dada yake, mbali na barabara. Kaka yangu Swalehe alirudi kutoka shamba la mpunga, akakuta uwanja mtupu na maiti. Kijiji kizima kilikuwa kimeingia vichakani. Yeye hakukimbia. Alisema Muislamu haachwi juani, hata akiwa mnyapara. Akamwosha, akamvisha shuka yake mwenyewe kuwa sanda, akamswalia peke yake, akamzika kabla ya alasiri.

Askari walimkuta anasawazisha udongo wa kaburi.

Kwetu, anayemsitiri maiti wa adui yake ni mtu wa kusifiwa hadi kwa wajukuu. Kwa Mdachi, yaani Mjerumani, mtu anayeosha damu na kufukia maiti siku ile ile ni muuaji anayeficha ushahidi. Swalehe akatiwa kamba shingoni, akapelekwa Kibiti. Siku za vita hukumu haikungoja barua ya idhini kutoka Dar es Salaam, na habari ikaenea kwamba atanyongwa Alhamisi.

Habari hiyo ilinifikia Jumatatu. Nilimwacha mama mikononi mwa dada yake, nikajifunga kanga kiunoni, nikaondoka.

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri akisema mambo haya ya zamani ningeyaacha yalale. Aende zake. Sikuja gazetini kumwomba radhi mtu. Nimekuja kusema Swalehe hakuua, na nitalisema mpaka karatasi ziishe.

Jumanne asubuhi nilikuwa Kibiti, kwa Mwalimu Tamimu. Huyu ndiye aliyekuwa akituozesha na kutugawia mirathi, watu wa vijiji vyote vile. Nilimkuta barazani kwake anashona kofia.

"Mwalimu, nimeua mtu," nikasema, hata salamu hazijaisha.

Sindano yake haikusimama. "Nani?"

"Nassibu mnyapara. Swalehe hana kosa. Twende ukanisemee kwa Mdachi."

"Taratibu. Umekuja kushuhudia kwamba Swalehe hakuua, au umekuja kukiri kwamba umeua wewe?"

"Kuna tofauti gani, Mwalimu?"

"Kubwa, mwanangu. Katika shauri la damu, ushahidi wa mwanamke mmoja siupokei. Nataka wanaume wawili waadilifu. Lakini mtu akikiri juu ya nafsi yake, ana akili timamu, hakulazimishwa, nampokea papo hapo. Mwanamume na mwanamke hapo ni sawa."

"Yaani nikisema niliona, mie si lolote. Nikisema niliua, mie mtu kamili?"

"Usinipandishie sauti. Kitabu sikukiandika mimi."

"Basi nipokee. Niliua."

Akaiweka kofia chini. "Nimekupokea," akasema. "Na haitakusaidia kitu. Mdachi ameniachia ndoa, talaka na mirathi. Damu ameichukua yeye."

Nikakaa chini pale pale mlangoni kwa mtu. Nilikuwa nimetembea usiku na asubuhi nikidhani kazi ngumu ni kutamka. Kumbe kutamka kulikuwa rahisi, kazi ilikuwa kumpata wa kunisikiliza.

"Lakini ngoja," Mwalimu akasema. "Kitabuni, damu si ya sultani wala si ya kadhi. Ni ya warithi wa maiti. Wao ndio wenye kudai kisasi na wao ndio wenye kusamehe. Mrithi mmoja tu akisamehe, kisasi kimeanguka. Nassibu ameacha mjane, anaitwa Siti. Yuko Mbuchi kwa wazazi wake."

"Si yuko eda? Mjane akiwa kizuka hatoki nje."

"Kwa dharura anatoka, mchana. Nitamwandikia ruhusa, akitaka ataitumia. Ila nikuulize, Mwanajuma. Utaingia nyumba ya msiba, umwambie mwanamke aliyefiwa juzi kwamba wewe ndiye?"

"Kwani kuna mwingine wa kumwambia?"

Akaandika.

Jumatano nilikuwa Mbuchi. Sitakusimulia mitumbwi na mikoko, maana mimi mwenyewe sikuiona. Nilipiga hodi, nikasema nimetoka kwa Mwalimu Tamimu nina barua ya kizuka. Wanawake wakanipeleka nyuma ya pazia.

Siti alikuwa amekaa mkekani, kajifunika kaniki mpaka kwenye nyusi. Nilitazamia mwanamke mkubwa. Alikuwa rika langu.

"Mwalimu anasemaje?" akauliza.

"Barua baadaye. Kwanza nna neno, na nataka ulisikie peke yako."

Akawatoa wenzake kwa mkono. Nikasema. Sikupunguza na sikuremba: mama, homa, kiboko, mchi. Nilipomaliza nilingoja anirukie, na nilikuwa nimekata shauri kwamba akinirukia sitajikinga.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mume wangu. Mwisho wake alisema nini?"

"Hakusema kitu, Bi Siti. Ilikuwa mara moja."

"Mwongo wewe! Nassibu hakunyamaza hata siku moja tangu nimjue." Akajifuta uso kwa ncha ya kaniki. "Kwenu alikuwa kiboko. Najua, nimesikia, mie si kiziwi. Kwangu alikuwa mume. Nikiugua alikwenda kisimani mwenyewe na mtungi kichwani, wanaume wenzake wakimcheka njia nzima. Ulilijua hilo?"

"Sikulijua."

"Basi lijue leo. Usitoke humu ndani ukidhani umeua mnyapara tu."

Niliona haya. Mimi huyu, ambaye watu wanasema sina haya, niliinamisha kichwa kama mwari. Nassibu niliyemjua mimi hakuwa na mtungi kichwani. Tangu siku hiyo anao, na sijaweza kumtua.

Lakini sikwenda Mbuchi kuinamisha kichwa.

"Bi Siti, sitakudanganya. Mkono wangu siujutii, ulikuwa unamtetea mama. Mie sijiombei. Lakini Swalehe ndiye aliyemwosha mumeo. Shuka aliyozikiwa Nassibu ni ya Swalehe, hana nyingine. Kesho wanamnyonga kwa sababu hiyo. Utawaacha?"

Nje wanawake walikuwa wanatwanga, na kila mchi ulipotua nilishtuka.

"Alimwosha vizuri?"

"Swalehe hajui kufanya kitu nusu."

Nikampa barua. Hakuifungua. Akaichomeka chini ya mkeka, akanigeuzia mgongo.

"Nenda zako."

"Utakuja?"

"Nikija, utaniona."

"Utasema nini?"

"Nikija, utasikia. Toka, Mwanajuma, kabla sijakumbuka mie ni nani na wewe ni nani."

Alhamisi. Baraza liliwekwa Kibiti, mbele ya nyumba ya akida: meza moja, kiti kimoja, bendera, na upande wa pili mti. Juu ya mti ule wiki iliyotangulia walikuwa wametundikwa watu watano kwa kunywa maji ya dawa. Kamba zilikuwa bado ziko.

Mjomba wangu Sijaona alikuwa amefika kabla yangu. Sisi asili yetu ni vilima vya kusini, Umatumbi, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Nilipomwambia nitasimama niseme, alinikatiza.

"Wewe nyamaza. Mwanamke hasemi barazani mjomba yupo. Mie ndiye mdomo wenu."

"Mjomba, humu si Umatumbi."

"Mila haiachwi mpakani. Nyamaza nimesema."

Tulingoja zamu yetu pamoja na Bwanaheri, mkalimani wa Mdachi, mtu wa Kilwa aliyezunguka bahari kwa meli ya moshi, na maneno yalikuwa yakimtoka hata asipoulizwa. Mjomba alitaka kujua tu nani husema kwanza.

"Inategemea uko nchi gani, mzee," Bwanaheri akacheka. "Mwingereza kwao, wanakalishwa watu kumi na wawili. Si mahakimu hao, ni wauza samaki na mafundi viatu. Wao ndio wanaosema huyu kaua au hakuua, hakimu anangoja jibu lao."

"Hao ni wazee wa baraza," mjomba akasema kwa kuridhika. "Kumbe Mwingereza ana akili."

"Mfaransa hana haraka hiyo. Hakimu mmoja anachunguza kwanza, anahoji, anaandika, mwezi baada ya mwezi, mpaka karatasi zimzidi mtu kimo. Na Unguja sasa, hapo ndipo kichekesho. Mahakama ya Sultani ni nyingine, ya Balozi wa Kiingereza ni nyingine. Mkipigana sokoni, kwanza inatafutwa nani raia wa nani. Wengine wamepona madonda yao kabla haijajulikana."

"Na Mdachi?" nikauliza.

"Mdachi kwao ana sheria nzuri sana, bibi. Mahakimu kadhaa, mshtakiwa ana wakili wa kumsemea, na hukumu wakiikosea kuna mahakama ya juu."

"Basi mbona hapa nnaona meza moja?"

"Ile haikushuka melini."

"Na Mdachi akiua mtu hapa Kibiti, naye ananyongwa mti huu?"

Bwanaheri akatazama kulia na kushoto. "Huyo anapelekwa Dar es Salaam kwa jaji. Sheria inayomhukumu ni ya kwao."

"Na sisi je? Mila yetu hamuifuati, Kitabu chetu hamkifuati, na ya kwao hamtupi. Sisi tunahukumiwa kwa sheria gani?"

"Usinihesabu mimi pamoja nao!" akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mimi nafasiri tu."

Tukaitwa.

Bwana Mkubwa, Mdachi aliyekalia kiti kile, alikuwa mgeni, ameshuka melini mwezi ule ule. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Swalehe aliletwa na kamba shingoni, midomo imempasuka. Akaulizwa mara tatu nani aliyemuua Nassibu. Kila mara alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Alijua, na hakunitaja.

"Anasema kunyamaza kwako ni jibu," Bwanaheri akafasiri.

Hapo mjomba akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kujaa uwanja: "Ni sisi."

Nieleze hapa, maana vijana wa leo hawajui. Kwa mila yetu damu ikimwagika, mjomba haulizi mkono ni wa nani. Anasimama anasema "Ni sisi." Kwa neno hilo anafunga mlango wa mishale na kufungua mlango wa maneno. Kisha mjomba wa upande wa pili anajibu, wanazungumza, anatolewa mtu wa ukoo wetu kwenda kuziba pengo la marehemu, watu wanakula sahani moja, yamekwisha. Kutolitamka ndiko kosa, kwani maana yake mnataka vita.

Bwanaheri akafasiri. Mjomba akangoja mtu wa upande wa pili ainuke. Aliyeinuka ni askari, na kamba.

"Bwana Mkubwa anakushukuru kwa kukiri."

"Kukiri nini?" Mjomba alitoa macho. "Mie siku hiyo nilikuwa Ikwiriri! Mwambie nilikuwa Ikwiriri harusini, wameniona watu!"

"Anauliza, ulikuwa unadanganya dakika ile au unadanganya dakika hii?"

"Sidanganyi popote! Nimesema ni sisi, sikusema ni mie!"

Bwanaheri akakwama hapo. Akatafuta, akajaribu, akasema kitu kifupi. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa, akaandika. Mjomba wangu, aliyekwenda kumwokoa mtoto wa dada yake, akasimamishwa pembeni yake, kamba kwa kamba.

Nikamsukuma askari aliyekuwa mbele yangu, nikafika mezani.

"Nimeua mimi. Mwanajuma binti Kondo. Wale wawili waachie."

Bwanaheri akafasiri, na Bwana Mkubwa akacheka. Alicheka vizuri tu, kama mtu aliyesimuliwa kisa.

"Anasema ukoo huu una wauaji wengi kuliko maiti."

"Mwambie maiti ni mmoja na muuaji ni mmoja, na anaongea naye."

"Anasema Nassibu alikuwa askari zamani, mtu wa miraba minne. Mwanamke wa kimo chako hawezi."

"Mwambie alete mchi, nimwoneshe."

Watu waliokuwa wamechuchumaa pembeni wakacheka, na mimi nikala kitako cha bunduki begani. Sikuondoka. Nikashika ukingo wa meza.

"Anasema wanawake wa nchi hii husema lolote kuwaokoa wanaume wao. Nenda nyumbani ukapike."

Ndugu msomaji, wewe umewahi kukataliwa dhambi yako mwenyewe? Mwalimu alinipokea lakini hakuwa na nguvu. Mjomba alikuwa na mdomo lakini hakutaka wangu. Huyu mwenye kalamu na kamba hakuona hata kwamba mimi ni mtu anayeweza kuua. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa kitako cha bunduki.

"Andika," nikamwambia, nikigonga karatasi yake kwa kidole. "Andika jina langu!"

Askari walikuwa wamenishika mikono yote miwili, ndipo nyuma ya uwanja pakatokea zogo. Watu wakapisha njia. Alikuwa anakuja mwanamke kajifunika kaniki mwili mzima, wazee wawili wa kike wamemshikia mkeka ubavuni asionekane. Kizuka, mchana kweupe, katikati ya wanaume! Wengine waligeuza nyuso. Siti hakugeuka. Alitembea mpaka mezani, akaweka barua ya Mwalimu.

Bwana Mkubwa alipoambiwa ni mjane wa marehemu, alisimama akampa kiti chake. Siti hakukaa.

"Mie Siti, mjane wa Nassibu na mrithi wake," akasema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, nimemsamehe Mwanajuma binti Kondo, aliyemuua mume wangu kwa mchi. Kisasi sikitaki. Na huyu Swalehe aliyemwosha, mfungueni. Nnataka kumpa shuka nyingine."

"Alhamdulillahi!" watu wakaitikia. Kitabuni shauri lilikuwa limekwisha. Nililia hapo, sina haja ya kuficha. Nililia mpaka kamasi.

Bwana Mkubwa akagonga meza.

"Anauliza," Bwanaheri akasema taratibu, "nani amekuomba usamehe? Damu ya Nassibu si yako, bibi. Ni ya Kaisari, mfalme wa Wadachi."

"Kaisari alimpikia Nassibu lini?" Siti akafoka.

Neno hilo Bwanaheri alilimeza, nilimwona, akafasiri jingine la adabu.

Lakini Bwana Mkubwa sasa alikuwa ananitazama mimi, na kicheko kimemtoka usoni. Akasema jambo polepole, akinielekeza kalamu.

"Anasema mjane hana sababu ya kukusingizia, wala hawezi kumsamehe mtu asiyemkosea. Kwa hiyo ni kweli. Uliua wewe."

Akachovya kalamu. "Jina?"

"Mwanajuma binti Kondo," nikasema, na sijawahi kulitamka jina langu kwa fahari kama siku hiyo. "Wa Ruaruke. Andika vizuri." Nikamgeukia askari aliyemshika Swalehe. "Haya, mfungue kaka yangu."

Hakuna aliyesogea. Kalamu ilikuwa bado inakwenda.

Bwanaheri alisoma hukumu akiitazama karatasi, hakutaka kututazama sisi. Mimi, kwa kuua. Swalehe, kwa kuosha damu na kufukia maiti ili muuaji asijulikane. Sijaona, kwa kukiri mwenyewe, hadharani, bila kulazimishwa, kwamba ukoo wake ndio ulioua. "Wote watatu. Leo hii."

"Nimesamehe!" Siti akapiga kelele. "Hamsikii nyie? Nimesamehe!"

Mimi sikupiga kelele. Nilicheka. Swalehe baadaye aliniambia kicheko kile kilimtisha kuliko kamba.

"Bwanaheri," nikasema, "mwambie maneno yangu yote, usimeze hata moja. Mwambie leo kahukumu kwa mila yetu, ila kahukumu nusu. Mila inasema damu ya mmoja inajibiwa na ukoo mzima. Kautwaa ukoo mzima, sawa. Basi na yeye ana ukoo. Wale watano wa mti ule, na ghala za mpunga mlizochoma watoto wakalala na njaa, nani anayajibu hayo? Asimame mjomba wake, Kaisari au yeyote, aseme ni sisi. Akishasema, kamba yake nitaivaa mwenyewe, hatahitaji askari."

"Bibi, hapana. Nitamwambia unaomba huruma."

"Sikumwomba Siti, nije kumwomba huyu? Fasiri!"

"Watatumaliza wote."

"Fasiri, mwanangu," akasema mjomba Sijaona. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini shingo aliinyoosha ndani ya kamba. "Mie mjomba wake nimempa ruhusa. Leo mdomo wetu ni huyu."

Bwanaheri akaigeukia meza, akaanza. Kidachi sikijui, lakini nilisikia Kaisari mara mbili, na nilimwona akiunyoosha mkono kwenye mti. Alisema kwa muda mrefu, na kila alivyoendelea sauti yake ilipanda, mpaka nikajua kwamba si maneno yangu tu aliyokuwa akiyasema. Alikuwa nayo ya kwake, ya miaka.

Shingo ya Bwana Mkubwa ikawa nyekundu. Akamwelekeza Bwanaheri kidole, kisha akaielekeza kamba. Hilo halikuhitaji kufasiriwa. Askari wakamfunga, tukawa wanne.

Kisha Bwana Mkubwa akatoa amri ndefu, ya hasira, mate yanaruka. Akaokota karatasi zake, akatugeuzia mgongo, akaanza kuelekea hemani kwake.

Ombasha, mkubwa wa askari wale, alipiga saluti. Aliposhusha mkono, uso wake ulikuwa na mashaka. Kidachi chake kilikuwa cha gwaride tu, simama, geuka, tembea, na katika amri ile hapakuwa na simama wala geuka. Akawatazama wenzake. Nao wakamtazama yeye. Uwanja mzima, watu mia na zaidi, hapakuwa na aliyejua kilichosemwa isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa na kamba shingoni.

Ombasha akamsogelea. "Bwanaheri," akanong'ona, "amesemaje?"

Bwanaheri alimtazama Bwana Mkubwa anavyokwenda. Akamtazama Siti, kisha Swalehe, kisha mimi. Akakohoa, akasema kwa sauti ile ile ya kazi yake, shwari kabisa:

"Amesema mtufungue."

Ombasha akachomoa kisu, akakiweka kwenye kamba ya Swalehe. Nyuzi za kwanza zikakatika. Na hapo hapo, hatua ishirini mbele, Bwana Mkubwa akasimama, akageuka. Yaliyofuata, wiki ijayo.